Mkaja wa Mzee Jaffar

Siku ya kumi tangu atoke hospitali, Mzee Jaffar alifungwa mkaja.

Ndiyo, mkaja huo huo unaoujua, kitambaa kirefu anachofungwa tumboni mwanamke aliyejifungua. Dada yake, Bi Khairiya, aliuzungusha mara nne kwenye tumbo la mwanamume wa miaka sabini na mbili, akavuta, akakaza fundo, kisha akamwekea mbele bakuli la uji wa pilipili manga.

"Kunywa ungali wa moto," akasema. "Na dirisha nimelifunga. Mzazi hapigwi upepo."

"Mie si mzazi, dada."

"Umelazwa, umetoka damu, umerudi nyumbani umekonda. Tofauti yako na mzazi ni ipi?"

Mzee Jaffar aliziona tofauti nyingi, tena nyingine za wazi kabisa, lakini hakuna hata moja ambayo mtu anaweza kumtajia dada yake mkubwa uso kwa uso. Akanywa uji wake.

Pale Temeke Wailes, Mzee Jaffar anajulikana kwa kitu kimoja tu: halua. Babu yake aliileta sufuria ya shaba kutoka Maskati, pana kama meza ya kulia watu wanne, na tangu hapo sufuria hiyo haijawahi kulala nyumba nyingine. Na halua, kwa wasioijua, ni kazi isiyo na mapumziko. Ukishamimina wanga kwenye sukari inayochemka, mwiko hausimami tena mpaka mwisho, na mwisho uko mbali, saa mbili na ushei. Ukisimama kwa muda wa kumsalimia mtu tu vizuri, inashika chini, na ikishashika sufuria nzima inanuka moshi. Mwanzo inakuwa nyepesi, hata mtoto angeweza kuikoroga. Baadaye inakuwa nzito, mwiko unataka mabega, kisha kiuno, kisha miguu. Unajua imeiva pale inapojiachia: inabanduka yenyewe pembeni, samli inapanda juu inang'aa, na ukipitisha mwiko unaiona shaba chini.

Kwa miaka arobaini na tano mwiko ule ulikuwa mikononi mwa Mzee Jaffar. Aliyechochea moto alikuwa Kornelio, Mmakonde wa Newala, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye ndiye pia aliyeuchonga mwiko wenyewe. Hao wawili walikuwa wakitaniana kutwa nzima na ikifika jioni wanaagana kama ndugu.

Kisha pumzi ikaanza kumkatika mzee. Mwanzo akifika katikati ya sufuria, baadaye hata akivaa viatu tu. Akawa analalia mito mitatu kwa sababu akilala chali anaona kama amewekewa gunia kifuani. Hakumwambia mtu. Siku mbili kabla ya Idi iliyopita, halua ikiwa ndiyo kwanza inakuwa nzito, macho yakamwingia giza akaanguka. Kornelio alimdaka kiunoni, na sufuria nzima ikaungua, kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote arobaini na tano.

Bi Khairiya alikuja mbio kutoka uani. Hakupiga kelele wala hakuita maji. Alipiga magoti, akalaza sikio kwenye kifua cha mdogo wake, akasikiliza, na alipoinua uso ulikuwa umekauka.

"Anayo," akasema. "Anayo ile ya baba."

Alipokuwa mtoto, Khairiya alikuwa akilala mchana kifuani kwa baba yao. Kila moyo ulipopiga alisikia kati ya mapigo sauti kama ya upepo unaopenya chini ya mlango: du, shwaa, du, shwaa. Alidhani kila baba analia hivyo. Baba yao alikuwa na miaka hamsini na nane alipoanguka mbele ya sufuria hiyo hiyo, mwiko mkononi, na yeye hakuamka tena. Kwa hiyo Bi Khairiya alikuwa na ugomvi wa zamani na ile sufuria, na safari hii aliutamka. Alisema iende Mikocheni kwa Jawad, mtoto wa marehemu kaka yao, mwenye jiko la kisasa na mashine ya kukorogea. Mzee Jaffar alisikia kama ameambiwa mkono wake uende Mikocheni.

Hospitali ya moyo walimkuta Dokta Tupokigwe, mama mfupi wa Mbeya anayeongea taratibu na kuchora kila anachokisema. Akachora moyo, akachora na mlango ambao damu hutokea kwenda mwilini. "Shikamoo tena mzee, uniwie radhi kwa nitakalosema. Mlango huu umeganda chokaa. Ulitakiwa ufunguke kama shilingi, wako unafunguka kama tundu la kitufe cha shati. Moyo unasukuma mpaka unachoka. Kifua hatutapasua. Tutapita kwenye mshipa wa paja kwa mrija mwembamba, mlango mpya umekunjwa ndani yake. Tukifika tunaukunjua ndani ya ule wa zamani."

"Huo mpya wa nini?" akauliza Bi Khairiya.

"Wa ngozi laini inayozunguka moyo wa ng'ombe, mama."

"Ng'ombe huyo kachinjwa na nani?"

"Dada," akasema Mzee Jaffar, "mie simli huyo ng'ombe. Namvaa tu, kama viatu."

Na wakamvalisha. Siku yenyewe hakulazwa usingizi mzito, alikuwa anasinzia na kuzinduka, akisikia watu wanaongea taratibu kama mafundi wanaopitisha kitanda mlangoni. Kisha mtu akasema, "Tayari, umefunguka." Mzee Jaffar akavuta pumzi. Ikashuka. Ikaendelea kushuka mpaka pale chini kabisa ambapo haikuwahi kufika kwa miaka miwili, na yeye mwenyewe akashangaa kumbe kifua chake kina chumba kikubwa namna hiyo! Alitaka kupiga kelele, lakini wakamwambia asitikise mguu, kwa hiyo akacheka machozi yakimtiririkia masikioni. Kesho yake alilalia mto mmoja. Kesho kutwa akampigia simu Kornelio: "Tafuta mkaa! Narudi!"

Sasa, shida ilianzia pale pale wodini siku ya kutoka. Dokta Tupokigwe alimwambia mgonjwa atembee kila siku, kidogo kidogo, aongeze. Bi Khairiya wakati huo alikuwa amekwenda dirishani kuchukua dawa. Alichokisikia yeye ni maneno ya nesi mlangoni: "Mzee apumzike, mama, asinyanyue vitu vizito." Nesi alikuwa na maana ya siku chache, kidonda cha paja kifunge. Lakini Bi Khairiya amewatunza wazazi wote wa ukoo ule kwa miaka hamsini, na kupumzika anakokujua yeye ni kwa namna moja. Mtu akirudi kutoka hospitali amechoka, anawekwa ndani siku arobaini. Anakandwa miguu kwa maji ya moto, anapewa supu ya kuku na uji wa pilipili manga, hashiki kazi, havuki kizingiti.

"Daktari kasema nitembee," akajitetea Mzee Jaffar.

"Kakwambia wewe peke yako? Mie nilikuwa wapi? Unataka utoke ukakoroge, nakujua."

Habari zikazagaa mtaa mzima. Wanawake wakaja kumwona na mafungu ya ndizi. Wakaomba kuona kidonda cha kifuani, wakaambiwa hakuna, kiko pajani. Wakatazamana. Mmoja akauliza, kwa heshima zote, kama moyo wa mzee siku zote ulikuwa huko. Kornelio naye alikuwa akija kila asubuhi, anasimama nje ya dirisha lililofungwa, anapaza sauti: "Hodi! Mzazi hajambo? Mtoto kalala?"

"Nikitoka humu, Mmakonde wewe, nitakutia kwenye sufuria!"

Alikuwa akicheka. Lakini wiki ya tatu kicheko kilikwisha. Alisimama kwenda msalani, magoti yakatetemeka, jasho likamtoka, na pumzi ikawa fupi. Akajishika ukutani, na hofu ikamwingia ambayo hakuwahi kuijua hata siku aliyoanguka. Mlango umekataa. Ng'ombe kakataa. Aliogopa kweli, akaketi ukingoni mwa kitanda na mkaja wake akahesabu mapigo ya moyo mpaka akachanganyikiwa.

Bi Khairiya alipomkuta hivyo hakuona sababu ya kushangaa. "Umeona? Bado hujakomaa. Nitampigia daktari asogeze tarehe. Hutoki hapa mpaka arobaini itimie."

Tarehe ya kurudi kliniki ilikuwa siku ya thelathini. Mzee Jaffar hakusogeza kitu. Asubuhi ile, dada yake alipokwenda sokoni Tandika kutafuta kuku wa kienyeji, Kornelio alileta bajaji mpaka mlangoni. Mzee akatoka, kanzu juu ya mkaja, akavuka kizingiti siku kumi kabla ya wakati wake. Majirani walimwona, na kuna mtu lazima alipiga simu, kwa sababu hawajafika mbali simu ya mzee ikaanza kulia na haikunyamaza mpaka hospitali.

Dokta Tupokigwe alimfunua kifua, akauona mkaja.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Ni habari ndefu, daktari. Nitazamie kwanza. Kama umekataa, niambie."

Akampaka mafuta ya baridi, akamwekea kile chombo cha kupigia picha, akageuza kioo ili mgonjwa naye aone. Mle ndani ya weusi na weupe kitu kilikuwa kinafunguka na kufunga, kinafunguka na kufunga, chepesi, kwa wakati wake, bila kusitasita. Mzee Jaffar hakuwahi kuona kitu kinachofanya kazi vizuri namna hiyo.

"Ndio huo?"

"Ndio huo. Unafunguka mara tatu ya ule wa zamani, na hauvuji. Na huu ukuta hapa, uliokuwa umechoka, tazama unavyokaza sasa. Moyo umepata nguvu tena, mzee, haraka kuliko nilivyotegemea." Akafuta chombo chake. "Sasa niambie kwa nini miguu yako imekonda."

Kabla hajajibu mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bi Khairiya, baibui limekaa upande, kuku mzima kwapani kafungwa miguu, na nesi nyuma yake anamsihi amwache kuku nje. "Mwenyewe huyu hapa!" akasema. "Daktari, mwanangu, huyu katoroka. Ana siku thelathini tu!"

Kikasemwa kilichosemwa. Mkaja ukaelezwa, uji ukaelezwa. Dokta Tupokigwe hakumcheka mtu. Alimkalisha mama kwenye kiti, akamwonyesha kioo, akamwambia: "Mama, umemtunza kwa mapenzi, nami nakushukuru. Lakini mzazi anapumzika kwa sababu mwili wake umetoka kwenye kazi kubwa. Huyu moyo wake ndiyo kwanza umepata nafasi ya kufanya kazi. Hauumwi. Miguu ndiyo inaumwa, inaumwa kitanda."

Kornelio, mlangoni, akageukia ukutani mabega yakamtikisika.

Bi Khairiya alikisogelea kioo. "Hiyo ni picha," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Picha siijui. Ninachokijua mie ni sauti."

"Sikiliza basi," akasema Mzee Jaffar, akasogeza kifua.

"La. Hapa umelala. Baba hakuangukia kitandani, aliangukia kwenye mwiko. Siku ya arobaini utakoroga sufuria moja, mwanzo mpaka mwisho. Ukimaliza, nitakusikiliza mwenyewe. Nikiisikia ile, sufuria inakwenda Mikocheni siku hiyo hiyo, na wewe hutasema neno. Tumekubaliana?"

Mzee Jaffar akamtazama daktari. Daktari akasema atembee kila siku kwa siku hizo kumi, na kwenye sufuria mtu asimame karibu, na akisikia kizunguzungu tu auachie mwiko.

"Tumekubaliana," akasema.

Siku ya kwanza alihesabu nguzo sita za umeme akarudi amechoka. Dada yake alimfuata nyuma na mwavuli na kiti cha plastiki, akikitua kila aliposimama. Siku ya tatu zikawa nguzo kumi na moja. Siku ya tano akafika msikitini, wazee wakatoka nje kumpokea, na fundi cherehani wa jirani akaacha mashine yake akapiga makofi. Siku ya saba ndipo ikatokea ile habari inayosimuliwa Wailes mpaka leo: kwamba walipofika barabara ya lami, aliyekuwa anahema ni Bi Khairiya, na aliyekalia kiti cha plastiki ni Bi Khairiya, na aliyeshika mwavuli ni mgonjwa. Mzee Jaffar alisimama pale anavuta pumzi moja baada ya nyingine kwa raha yake tu. Kila asubuhi alikuwa akiamka mapema kuliko jana yake, kwa hamu ya miguu yake mwenyewe.

Siku ya arobaini ua ukajaa. Usama, mtoto wa mzee, alikuwa amepewa ruhusa kazini. Jawad alikuja na pikapu na kamba za kufungia, akamwamkia kila mtu, akasimama pembeni kwa aibu. "Shikamoo ami," akasema. "Mie nimeitwa tu."

"Marahaba. Najua, mwanangu. Kaa unywe kahawa."

Kornelio akawasha. Mzee Jaffar akavua kanzu, akabaki na fulana, kikoi na mkaja. Alikuwa amekataa kuufungua asubuhi ile, amesema unashika kiuno. Akamimina wanga, akasema bismillahi, mwiko ukaingia.

Saa ya kwanza watu walikuwa wanapiga soga. Akawajibu, akatania, akamwambia Kornelio moto wake ni wa kuchemshia chai. Saa ya pili halua ikaanza kuwa nzito, na soga zikapungua. Ikafika pale pale alipoangukia kabla ya Idi, na kila mtu aliyekuwepo alipajua. Kornelio akaacha moto, akasogea nyuma yake, mikono wazi. Mwiko ukazunguka. Jasho likamshuka mzee puani, mabega yakafanya kazi, kiuno kikafanya kazi, na miguu iliyotembea nguzo zote zile ikasimama imara. Aliisikia pumzi ikiingia na kutoka, ndefu, na furaha ikampanda mpaka akaanza kuguna kila mzunguko, kwa sauti, kama alivyokuwa akiguna akiwa na miaka thelathini. Akapita pale. Akaenda mbele. Zafarani ikaingia, iliki ikaingia, lozi zikaingia.

Halua ikajiachia. Mwiko ukapita, na shaba ikaonekana chini ikiwaka.

Ua wote ukalipuka, vigelegele na makofi. Bi Khairiya peke yake hakupiga kigelegele. Alipita katikati ya watu, akavuta kigoda.

"Kaa."

Akakaa. Watu wakanyamaza, hata vyombo vikanyamaza. Bi Khairiya akainama kwa tabu, akashika bega la mdogo wake, akalaza sikio kwenye fulana iliyolowa. Mzee Jaffar akatazama juu. Moyo wake ulikuwa unapiga kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile aliogopa. Jawad alikuwa amezishika kamba kwa mikono miwili.

Akasikiliza. Akasikiliza muda ambao halua yoyote ingekuwa imeshashika chini.

Kisha akainua uso, na ulikuwa umelowa jasho la ndugu yake na machozi yake mwenyewe.

"Du-du," akasema. "Du-du tu. Haina kitu katikati."

"Umesikia vizuri, dada?"

"Ngoja." Akalaza sikio tena, na safari hii hakuwa anapima kitu. Ana miaka sabini na sita, na vifua viwili alivyovipenda kuliko vyote duniani vilikuwa na upepo ndani yake. "Kumbe ndivyo unavyolia," akasema taratibu. "Kumbe ndivyo moyo unavyolia."

Alipoweza kusimama akamgeukia Jawad. "Mwanangu, kunja kamba zako. Utapewa halua upeleke Mikocheni."

Hapo ndipo vigelegele vikarudi. Katikati ya kelele zile Bi Khairiya akashika fundo la mkaja akaanza kulifungua, maana arobaini imetimia na mzazi hufunguliwa. Mzee Jaffar akamshika mkono.

"Uache, dada," akasema. "Kesho nina sufuria nyingine."